Pikapu Iliyoliwa kwa Ndani

Kambale na mkewe Madeleine wanaishi Rinkeby, mtaa mmoja wa kaskazini mwa Ulaya. Wana pikapu ya zamani ya kuhamishia watu vitanda na makabati. Kila wikendi Kambale huiosha bodi mpaka ing'ae.

Majira ya baridi yalipofika, pikapu ilianza kutoa sauti. Hata injini ikiwa imezimwa, chini yake kitu kilimwagika polepole. Shhh. Kama udongo juu ya jeneza.

"Mama, kuna mtu chini," alisema binti yao, Asifiwe.

Asubuhi moja, theluji chini ya gari ilikuwa na madoa mekundu.

"Baba Asifiwe, hii ni damu?" aliuliza Madeleine.

"Labda paka amekula ndege."

"Nyayo za paka ziko wapi?"

Hapakuwa na nyayo.

Walimwita jirani yao Elvire, Mrundi, fundi wa magari. Alilala chini ya gari akigonga chesisi, mihimili ya chuma inayobeba gari, kwa nyundo. Ngo. Ngo. Kisha: pu. Sauti ilikufa. Alisukuma bisibisi. Ikazama hadi kwenye mpini. Unga mwekundu ukamwagika, shhh.

Elvire alitoka chini ya gari.

"Shemeji, jana mlienda wapi na gari hili?"

"Skärholmen, upande wa pili wa jiji. Sote watatu," alijibu Kambale.

"Mungu aliwashika. Bomba la breki nalo limebaki jembamba kama ganda la yai."

"Lakini mimi naliosha!"

"Unaosha juu. Barabarani humwagwa chumvi ili barafu iyeyuke. Maji ya chumvi huingia humu na kukaa pamoja na tope. Chuma huliwa na kutu kwa ndani."

"Basi nipake rangi?"

"Rangi juu ya kutu ni shuka juu ya kidonda. Tukate palipooza, tuchomelee chuma kipya, tubadilishe mabomba ya breki. Kisha uoshe chini kila mara wakati wa baridi, na uzibue matundu ya kutolea maji. Kabla ya theluji, gari likiwa kavu, pulizia mafuta ya kuzuia kutu mpaka ndani ya chesisi."

Kule gereji walipokata chuma kibovu, Kambale alishika kipande kimoja. Kikavunjika vidoleni kama mkate mkavu. Kilitoka chini ya kiti cha Asifiwe.

Alifanya yote aliyoelekezwa. Baridi iliyofuata ilipita, na ukaguzi wa gari wa kila mwaka haukukuta kutu mpya. Pikapu bado inabeba makabati.

Jumapili moja, nje ya kanisa, Kambale aliinama chini ya gari kuukuu la rafiki yake Anicet. Aligonga. Pu.

"Nipe ufunguo," alisema. "Leo utarudi kwa treni."