Unyusi wa Kushoto

Siku ya tatu baada ya kuchorwa nyusi za kudumu, zile za sindano na wino, mdogo wake Fundi alikuwa amelala fofofo kwenye kochi la saluni, na unyusi wake wa kushoto ukapanda. Wa kulia haukutikisika. Ule wa kushoto ulipanda taratibu, ukakaa juu kama wa mtu anayesikiliza uongo wa kitoto, kisha ukashuka. Wakati huo Fundi alikuwa kwenye simu, anamwambia mteja, "Vifaa vyangu vyote vipya, dada yangu, toa wasiwasi."

Tuseme ukweli kuhusu huyu Fundi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hilo hatumnyimi, na nyusi zake zilikuwa na mkia mwembamba ambao hakuna mwingine aliyeuweza. Lakini uvivu wake! Kulikuwa na fomu ya maswali ya afya ambayo kila mteja hupaswa kuulizwa kabla ya kuchanjwa. Fundi aliona maswali yanamchelewesha. Kila Jumatatu alikaa na rundo la fomu hizo, kikombe cha chai pembeni, akajaza majibu mwenyewe. Mzio, hapana. Kisukari, hapana. Dawa za kuzuia damu kuganda, hapana. Makovu yanayovimba, hapana. Mimba, hapana. Mteja akija anasaini tu. Kupaka wino kidogo nyuma ya sikio na kungoja siku nzima kuona kama ngozi itaukataa, hayo aliyaita mambo ya watu wasio na kazi. Na sindano? Aliichovya kwenye spiriti, akaipuliza kwa mdomo, kwa mdomo jamani, akaita anayefuata.

Siku aliyomchora mdogo wake, kabla yake alikuja mwanamke mrefu asiye na unyusi hata mmoja, aliyenuka nywele zilizoungua. Mwanamke huyo aliichukua fomu akaisoma yote. Hakuna mteja aliyewahi kufanya hivyo.

"Umeshanijibia," alisema.

"Narahisisha tu, dada."

"Na mikono hunawi?"

"Nilinawa asubuhi."

Mwanamke akaguna. "Haya. Lakini hiyo sindano ukimaliza itupe. Nilicho nacho mimi kinapita kwa damu."

"Nitaitupa, usijali."

Hakuitupa. Damu ya yule mwanamke ilitoka nyeusi na nzito, Fundi akajiambia ni wino umezidi. Nusu saa baadaye mdogo wake alilala kwenye kiti kile kile. Huyu ndiye damu yake pekee aliyebaki. Mama yao alipofariki, Fundi ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwoza.

"Dada, hiyo sindano ni mpya?"

"Wewe mdogo wangu nikutumie ya zamani? Tulia huko."

Sasa unyusi ukawa unapanda kila Fundi alipofungua mdomo kudanganya, maana yake haukupumzika. Jioni, akiwa amesharudi nyumbani kwake, homa ikaja, na kesho yake mgonjwa hakuamka, Fundi akaitwa. Ngozi juu ya jicho ilivimba, chumba kikanuka nywele zilizoungua, na shemeji alipoinama kumbadilisha mkewe kitambaa cha maji alisikia kitu kinakwaruza, krr, krr, akadhani ni panya ukutani, akasogea ukutani, sauti ikafifia, akarudi kitandani, sauti ikakua, akaweka sikio karibu na paji la uso la mkewe na kuisikia sawasawa, sindano inachanja taratibu upande wa ndani wa ngozi, mstari baada ya mstari, kama mtu mwenye kazi yake na muda wake wote.

"Shemeji," alimnong'oneza Fundi, "kuna mtu humo."

Ndipo midomo ya mgonjwa ikafunguka, ikatoka sauti isiyo yake. "Nimezaliwa jalalani. Nimelala mifereji yote ya mji huu. Sijawahi kupita mahali pachafu kama kwenye sindano ya huyu mwanamke."

Fundi, badala ya kuogopa kwanza, alikasirika kwa kudharauliwa. Ndivyo alivyokuwa.

Shemeji alimwita Mkunga, bibi mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa na kutoa majini nusu nyingine. Aliingia, akamtazama mgonjwa, akauliza sabuni iko wapi. Alisimama kwenye sinki akinawa mpaka viwiko, mgongo amewageuzia.

"Ana mimba?"

"Sijaambiwa, Bibi," shemeji akajibu kwa sauti ya chini.

"Ikiwa changa anaweza kuwa hajamwambia mtu. Nisikilizeni. Mwenye mimba, jini wake namtoa kwa juu, polepole, siku saba. Asiye na mimba, namwamuru ashuke atokee miguuni, leo hii. Nikikosea, atakutana na mtoto njiani. Fundi, ulimuuliza kabla ya kumchanja?"

Ilikuwa rahisi mno. Neno moja tu, sikumuuliza, na siku saba za kungoja. Lakini shemeji alikuwa anamtazama, na Fundi alikuwa radhi kufa kuliko kuaibika.

"Nilimuuliza," alisema, akiitoa mkobani fomu aliyokuja nayo kutoka saluni. "Akasema hapana. Fomu hii hapa."

Pale kitandani unyusi wa kushoto ulipanda mpaka ukagusa nywele. Mkunga bado alikuwa ananawa. Fundi peke yake ndiye aliyeuona, na alinyamaza.

Mkunga akaweka viganja juu ya paji la uso na kuamuru, na jini akashuka, wakamwona anavyoshuka, uvimbe mdogo ukipita shingoni, ukipita kifuani, shuka likiinuka na kulala, harufu ikizidi mpaka shemeji akaziba pua, ukafika tumboni, ukatua hapo kitambo kirefu kuliko kwingine kote, na Mkunga akisubiri uendelee miguuni, akisubiri, harufu ikakatika ghafla, chumba kikawa kimya.

"Ametoka?" shemeji aliuliza.

Mgonjwa akafumbua macho. Nyusi zilikuwa zimetulia. Jambo la kwanza alilofanya ni kuweka mkono tumboni. "Mume wangu, mtoto yuko salama? Nilitaka mwezi wa tatu uishe ndipo niwaambie."

Mkunga aliichukua ile fomu mikononi mwa Fundi, akaisoma, akaikunja na kuitia mkobani. Hakumuaga.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, mzima, wa kike. Kichwani hakuwa na unywele hata mmoja, lakini nyusi alikuwa nazo, nyeusi, zimekamilika, zina ule mkia mwembamba ambao hakuna mwingine aliyeuweza. Mama yake alilia alipoziona. Fundi aliingia wodini akijitia uchangamfu, akanyoosha mikono ampakate.

"Umenawa?" aliuliza Mkunga, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda.

"Nimenawa, Bibi."

Mtoto alikuwa amelala. Unyusi wake wa kushoto ukapanda.