Machela ya Mama Efrazia

Mama Efrazia wa kijiji cha Rangwi alikuwa hashiki hata kikombe. Akitaka kuinuka tu, mwanawe Stephano anafoka: "Mama, kaa! Moyo wako mgonjwa!" Mkwewe Yusta alimfichia ufagio. Eti ndiyo heshima. Tunawakalisha wazee wetu mpaka miguu inasahau kutembea. Inaniudhi sana!

Ni kweli moyo wake ulikuwa dhaifu, hausukumi damu vizuri. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Hospitali walimpa dawa, uvimbe ukaisha. Lakini nyumbani alibaki kitini.

Siku moja akamwona Stephano anafunga blanketi kwenye miti miwili.

"Unafanya nini?"

"Machela, mama. Jumapili tutakubeba kanisani."

Mama Efrazia akawaka. "Mnanizika ningali hai? Nitakwenda kwa miguu yangu!"

Wakati huohuo Jackline, mtaalamu wa mazoezi kutoka hospitali, akapiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Waambie hawa!"

Jackline akamgeukia Stephano. "Kaka, nani alisema akae tu?"

"Si atakufa akitembea?"

"Kukaa ndiko kunakommaliza nguvu! Daktari amempima, ameruhusu. Atembee taratibu, kwa mwendo ambao bado anaweza kuongea. Pumzi ikimpunguka, apumzike. Akiumwa kifua au akisikia kizunguzungu, aache, mmlete hospitali haraka. Miguu ikivimba tena, mmlete. Na dawa asiache."

"Atembee wapi?" Stephano akafoka. "Huku kwetu ni milima mitupu!"

"We mwana!" mama yake akamkatiza. "Mfereji wetu wa kumwagilia unapanda mlima? Pale kando njia ni tambarare."

Basi kila asubuhi alitembea kando ya mfereji na Yusta, akimsema Stephano njia nzima. Akikosa pumzi ya kumsema, anakaa. Mwanzoni aliishia kwenye kabichi za jirani. Baadaye akafika kwenye mipeasi. Nyumbani alijizoeza kuinuka na kuketi kwenye kiti kilekile.

Miezi ikapita. Daktari akampima tena, akamruhusu kupanda kilima cha kanisa, mradi apumzike njiani. Jumapili ya mavuno alipanda polepole, kwa miguu yake.

Aliporudi, aliiona machela imeegemea ukuta wa jiko.

"Stephano, lete panga."

Stephano akafungua blanketi, akaikata miti ile mwenyewe. Mama Efrazia akaitia motoni, akachemsha chai.

"Kunywa," akamwambia. "Na wewe Yusta, ufagio wangu uko wapi?"