Makali ya Mkono wa Kushoto

Jioni ile mama alinituma chumvi tu. Lakini ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi sikuweza kupita karibu na daraja la Tshopo bila kuingia kwa Mama Claudine, kwenye baa yake ya uani. Huko ndiko tulikokutana, sisi wagonjwa wa visu.

Watu walitucheka. Wanaume wazima, kila mmoja na kisu chake cha kukunja mfukoni, wamekaa kusifia mipini kama wanasifia wachumba! Wacheke tu. Lambert, karani wa posta, koti lake la abakosti limembana hadi shingoni, alikuwa na cha pembe ya nyati kutoka Bafwasende. Asumani, fundi cherehani wa Maniema, alikuwa na chenye pete ya shaba, cha kukatia nyuzi. Changu kilikuwa kipya, chuma cha springi ya lori, kazi ya mhunzi wa Banalia. Nilikipenda kuliko inavyofaa.

Meza yetu ilikuwa na adabu zake. Hatupokezani kisu mkono kwa mkono. Unakiweka mezani, mwenzako anakiokota. Na mkibadilishana, visu vinabaki vimefungwa. Kufungua cha mwenzako kabla hajaondoka ni kumwita tapeli.

Jua lilikuwa linazama alipoingia mtu tusiyemjua. Mwembamba, shati safi. Suruali yake ilikuwa inachuruzika maji... na mvua haikuwa imenyesha. Alinuka tope la mtoni. Hakuagiza kinywaji. Alitoa kisu, akakiweka mbele yangu.

Nikakiinamia.

Mpini wa mti mweusi, na herufi F iliyochongwa ovyo. Nilimtania sana mdogo wangu Faustin siku alipoichonga. Kisu hicho kilikuwa mfukoni mwake mtumbwi wa pirogi ulipopinduka akivuka kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, msimu wa mvua uliopita. Mwili hatukuupata. Na bila mwili mama alikataa kumaliza matanga. Alilala chini tangu siku ile, akikonda mbele ya macho yangu.

"Muniletee hata kitu yake moja," alikuwa akisema. "Moja tu, nimuzike."

Sasa kitu chenyewe kilikuwa mezani.

"Ulipata hii wapi?" nikanong'ona.

"Kule kwa kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi iko mingi." Akautazama mfuko wangu. "Tubadilishe, mukubwa."

"Acha, Eugène," Asumani akaniambia chini chini. "Huyu mutu, hapana."

Sikumsikiliza. Nilimwona mama tu, amelala kitandani tena, anakula, ananigombeza kama zamani. Nikaweka changu mezani. Mgeni akakiokota, akakipima uzito kiganjani, akatabasamu.

"Bon. Hii itafanya kazi."

Akatoka.

"Fungua," Lambert akasema.

Kriii...

Chuma hakikuwa na doa la kutu. Lakini kilikuwa kimekwisha. Faustin alipozama kilikuwa kipana kama kidole gumba; sasa kilibaki chembamba kama mwiba wa samaki, kimeliwa na jiwe la kunolea. Kisu hakifiki hapo bila miaka na miaka ya kazi. Na Faustin hakuwa amemaliza hata mwaka tangu azame.

Kilinolewa upande mmoja tu. Upande usio wa kawaida.

Sisi watu wa visu tunautambua mkono wa mtu kwa makali yake. Faustin alikuwa wa mashoto.

Ungaunga wa jiwe ulikuwa bado mbichi juu ya chuma.

"Kwetu Maniema wanasema," Asumani akanong'ona, "kuko watu wanazama, lakini hawakufi. Wachawi wanawachukua. Wanawatumikisha... mchana, usiku..."

"Mambo ya zamani hayo, alors!" Lambert akasema, lakini akasogeza kiti chake mbali na kile kisu.

Nikakimbilia barabarani. Wanawake walikuwa wanarudi sokoni, wanacheka. Hakuna aliyekuwa amemwona mtu mwenye suruali ya maji.

Nilitaka kumdanganya mama, Mungu anajua. Nilimwambia wavuvi wameokota kisu. Alikishika kwa mikono miwili, akakibusu, akakifungua karibu na taa. Akapitisha kidole kwenye makali, taratibu.

Akakihamishia mkono wa kushoto.

Huyu ndiye aliyemchapa Faustin utoto mzima ili ale kwa mkono wa kulia, akashindwa.

"Ananoa bado," akasema.

Nikaisogeza taa karibu zaidi.

"Wamemutumikisha mutoto wangu." Kisha akaniinulia uso, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu pirogi ipinduke. Matumaini. "Lakini tazama, Eugène, imekwisha hii. Haiwezi kukata tena. Basi sasa watamuacha apumzike, hein? Si wavuvi, najua. Mutu mwenye alileta... ulimupa nini?"

Ningetoa chochote nisiulizwe swali lile.

"Kisu yangu, mama. Ile mupya."

Aliketi chini polepole. Hakunilaumu, wala hakunitazama. Alikumbatia kile chuma kilichokwisha, akaanza kumlilia Faustin upya, kilio kile kile cha siku ya kwanza, hata majirani wakaja mbio kuuliza nani amekufa.