Pasi Zilizoacha Kunifikia

Nina miaka ishirini na saba. Nilimaliza chuo kikuu Dar wakati Serikali imesimamisha ajira na mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine. Nikarudi kwetu Msasani, si ile ya Dar bali ya hapa Tukuyu, na kitu kimoja tu ambacho watu bado walikitaka... mguu wangu wa kulia.

Nilikuwa mshambuliaji wa timu ya mji. Zamani ililelewa na shirika. Shirika lilipokufa, akaichukua tajiri mmoja mwenye duka la jumla. Msimu wa kwanza nilifunga karibu kila Jumapili. Mabao mengi yalitokana na krosi za Lusajo, winga wetu, rafiki yangu tangu shule ya msingi.

Kisha tajiri akaunda kamati ya ufundi. Wapenzi wa soka mnaijua... kazi yake ni waganga! Kabla ya mechi tuliamriwa kuchanjwa miguuni na kupakwa dawa nyeusi. Nilikataa. Nikauliza, kama dawa inafunga mabao, mazoezi ya nini? Na wapinzani wakiwa na mganga wao, je? Wachezaji walicheka. Kamati haikucheka.

Tangu hapo mabao yakawa ya kubahatisha. Leo moja, halafu mwezi mzima kavu. Mipira ilinifikia imechelewa, au ilipita nyuma yangu, au haikufika kabisa. Tulipocheza Mpuguso, uwanja ukiwa tope tupu, mama mmoja muuza ndizi alipaza sauti: "Gwe msomi! Goli halifungwi kwa kalamu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka... moyoni nalia.

Nikabadili viatu. Nikawa nakimbia alfajiri kwenye ukungu, nikipanda barabara ya Isongole hadi pumzi inakatika. Wapi! Mwishowe nikawa naukagua mguu wangu kama wa mgonjwa. Mimi, niliyezoea kuhoji kila kitu, nikaanza kuhofia kwamba labda kweli nimerogwa!

Katika nusu fainali ya wilaya nilibaki peke yangu mbele ya goli. Lusajo aliniona. Macho yetu yalikutana! Akapiga mwenyewe, mpira ukapotelea migombani. Tukatolewa.

Nilimkamata njiani tukirudi. Kwa nini, kaka?

Akainamisha kichwa. "Kamati ilituapisha. Mpira ukipitia kwa asiyechanjwa unarudi na balaa. Mara ya mwisho nilikupa ukafunga, mwanangu akashikwa na degedege siku ileile. Wewe ungefanyaje?"

Timu nzima ilijua, isipokuwa mimi!

Mnadhani ukweli uliniponya? Mechi iliyofuata, ya kumtafuta mshindi wa tatu, Lusajo aliivunja amri, akanipa pasi safi, nimebaki na kipa tu... Nikautazama mguu wangu. Je, ukikataa? Nilipoinua uso, kipa alikwisha kuukumbatia mpira.

Hakuna aliyezomea. Walinionea huruma, na hiyo iliuma kuliko matusi yote! Nilivua jezi. Sijaivaa tena.

Wasomaji wenzangu, nilimhoji mganga, nikamhoji tajiri, nikamhoji hata Mungu. Sikumwuliza mapema mtu aliyekuwa akinipasia mpira! Pasi zikiacha kukufikia, usikimbilie kuulaumu mguu wako. Muulize anayezipiga.

Na wewe uliyeagizwa umnyime mwenzako mpira, nakusihi, mwambie leo... kabla hajaanza kuuogopa mguu wake mwenyewe.