Kivuli Kilichokataa Kutoka Ukutani

Vivuli vya watu havikumsumbua Ekaristia. Studio yake ya Mfaranyaki ni chumba kimoja, mteja hukaa karibu na ukuta, na flashi ikimpiga usoni moja kwa moja lazima imwage weusi nyuma ya masikio. Picha ya pasipoti yenye kivuli hurudishwa. Ndiyo maana alinunua flashi kubwa ya kuchomeka juu ya kamera, akawa anakigeuza kichwa cha flashi hiyo kitazame dari nyeupe. Mwanga hupanda, hutawanyika, humshukia mtu kwa upole, na kivuli hutoweka. Majirani walisema Mama Violet anapiga picha za malaika. Yeye aliwajibu kwamba malaika hawafumbi macho flashi ikipiga.

Lakini kivuli cha Muhsini kilibaki.

Muhsini alikuwa mnunuzi wa vito kutoka Tunduru, mpole mno, mwenye sauti ya mtu anayesoma tangazo. Alipokaa kitini studio ilinuka udongo wa shimoni. Ekaristia akapiga. Kivuli kikatokea begani kushoto, kikubwa kuliko mwenye nacho. Akapiga tena. Kimehamia kulia.

"Samahani, kaka. Leo taa zangu zina wazimu."

"Kila studio wananiambia hivyo," Muhsini alisema.

Jibu hilo lingemtosha mwenye akili timamu. Ila Ekaristia alikuwa fundi, na fundi akishindwa na kazi husahau kuogopa. Akachukua flashi ya pili, akaiweka sakafuni nyuma ya kiti, imulike ukuta wenyewe. Flashi zikaanza kujaa chaji kwa ule mluzi wao mwembamba, zikajaa, na mluzi haukunyamaza. Akabonyeza. Chumba kikawa cheupe chote, na kitu cha baridi kikapita karibu na shavu lake.

Picha ikatoka safi.

Muhsini akajishika kichwa. "Mama yangu amefariki!" akalia kwa sauti.

"Yesu wangu! Lini, kaka?"

"Mwaka juzi," alisema, machozi yakimtiririka.

Alipoondoka, Ekaristia alirudisha taa mahali pake, na kama ilivyo desturi yake kila akihamisha taa, alimwita bintiye akae kitini apimie mwanga. Violet akakaa, mama yake akapiga. Harufu ya udongo ikarudi, na Ekaristia, aliyekuwa amejaa furaha ya kukishinda kile kivuli, wala hakuitazama picha.

Asubuhi Violet aliepua sufuria ya uji jikoni, akaileta mezani kwa mikono mitupu.

"Mama, uji tayari."

Viganja vilikuwa vimevimba malengelenge. Ekaristia ndiye aliyepiga yowe. Alimmwagia maji, akamfunga kitambaa, akamtikisa, akamwita kwa jina lake la ubatizo na kwa majina yote ya kumbembeleza tangu utotoni, na mtoto akamtazama tu kama mtu anayesubiri basi lisilo lake, huku ule mluzi mwembamba ukisikika kutoka studio, upande wa mbele wa nyumba, ambako hakuna kilichowashwa. Wanasema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Ekaristia alikuwa anamsihi wake alie.

Akaenda naye studio, akaifungua picha ya jana kwenye kamera. Nyuma ya Violet ukuta wote ulikuwa mweusi.

Akampigia Muhsini simu.

"Nisamehe, dada," Muhsini alinong'ona. "Ni jini la shimoni. Linakula uchungu wa mtu, linakula na mapenzi. Wallahi nilidhani mwanga wako umelimaliza. Kumbe unalitoa tu. Nani alikalia kiti baada yangu?"

"Mwanangu."

"Basi litoe kwake vilevile. Lakini kiti kisibaki kitupu, litamrudia. Lazima akae mtu."

Mlangoni pa studio alikuwa amesimama mwanafunzi wa chuo, shati limepigwa pasi, anataka picha. Angekaa bila kuuliza. Ekaristia alimtazama, akaona kola ile iliyonyooshwa kwa uangalifu, akajua naye ana mama mahali fulani.

"Tumefunga, mwanangu. Nenda studio nyingine."

Akafunga mlango. Akapanga flashi mbili kama jana, akamkalisha Violet, akabonyeza. Kisha akamtoa, akaitega kamera ijipige yenyewe, akakaa. Alimwangalia mwanawe kwa pupa, nyusi zake, pengo la meno, alama ya tetekuwanga shingoni, akijaribu kushiba kabla sahani haijaondolewa. Mwanga ukapiga.

"Mama!" Violet akapasua kilio. "Mama, mikono inaniuma! Mama, inaniuma!"

Akamrukia kifuani, akamng'ang'ania, machozi na makamasi vikilowanisha blauzi. Ekaristia alijua kabisa huyu ni nani. Alijua pia kwamba anapaswa kumpeleka hospitali.

"Pole," alisema, kwa sauti anayowapa wateja waliosubiri sana.

Akamwondoa taratibu kifuani, akaenda kuzima flashi ili betri zisiishe.