Mifuko Minne ya O Hasi

Mifuko minne ya damu ya kundi O hasi ilikuwa imetoweka. Kwenye rafu ya friji palibaki uwazi, kama kinywa kilichong'olewa meno ya mbele.

"Nani aligundua?" Inspekta aliuliza kwa sauti yake ndogo.

"Mimi," alijibu mtaalamu wa maabara. Alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho. Tumbo liliingia chumbani kwanza, yeye akalifuata.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi na matroni."

"Matroni ndiye nani?"

"Mama mkwe wangu." Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa sugu.

Nje mvua ilitwanga mabati na mto ulikuwa unafura. Mpango wa dharura ya mafuriko, ulioandikwa na mtaalamu huyuhuyu, uliagiza kila hospitali ya mlimani ipeleke kituo cha bondeni damu yake ya O hasi, ile inayoweza kumsaidia karibu kila mtu, kabla daraja halijafungwa. Gari lilikuwa tayari uani. Dereva alipiga honi kama anayemwita bibi harusi aliyechelewa.

Inspekta alichungulia tena ndani ya friji. "Na kipimajoto kiko wapi?"

"Nacho kimeibwa. Damu ikiganda inaharibika, ikipata joto inaharibika."

"Basi huyu si mwizi," Inspekta alinong'ona. "Huyu ni yaya."

Matroni aliitwa. Akaja amefunga mikono kifuani.

"Mama, unamwonaje mkweo?"

"Namwona kila siku. Hiyo ndiyo shida yenyewe."

"Anaweza kuiba?"

"Kupika kumemshinda, ataweza kuiba?"

"Mama, niko hapa," mkwe alilalamika.

"Nani asiyekuona, kwa ukubwa huo? Hebu kaa, miguu imekuvimba."

Akamsukumia kiti kwa mguu, bila kumtazama. Inspekta alikitazama kile kiti. Matusi yalikuwa mengi, lakini kiti kilifika mahali pake barabara.

Hapo akafanya jambo lililomtia aibu hadi masikioni. Alitoa pingu.

"Dada, samahani. Uko chini ya ulinzi."

"Mimi?"

"Ufunguo unao. Friji ni yako. Utalala rumande wakati tunaendelea na uchunguzi."

"Thubutu!" Matroni alijitosa katikati yao. "Mjamzito umlaze kwenye sakafu? Wewe afande, una mama?"

"Ninaye, mama."

"Basi umwonee haya! Nimechukua mimi!"

Inspekta alirudisha pingu mfukoni.

"Iko wapi?"

"Kwenye friji ya kliniki ya watoto, nyuma ya chanjo za surua. Usinitolee macho, iko salama. Naikagua kila mara."

"Kwa nini, mama?"

Mikono ya matroni ilishuka kutoka kifuani, ikakosa pa kukaa.

"Huyu ni O hasi. Uzazi wa kwanza damu ilimtoka kama bomba lililopasuka. Nilikuwa zamu. Niliushika mkono wake, baridi kama hii friji. Sasa ameandika mpango wa kupeleka kila tone bondeni, na tumbo lake hilo! Amewakumbuka walimwengu wote, amejisahau yeye."

"Lakini hospitali nzima inajua hampatani."

"Kugombana tunagombana, ndiyo. Nani kakwambia nataka afe? Akifa nitagombana na nani?"

Mkwe alicheka huku machozi yakimtoka. "Sikujisahau, mama. Mpango una wachangiaji wa karibu. Damu ya akiba ikipelekwa, kila mgonjwa wa kundi adimu anawekewa mtu wa kundi lake, anayeishi jirani, aliyeshapimwa. Akiitwa anakuja kutoa. Wangu nimeshamweka."

"Nani huyo? Asije akawa mlevi."

"Wewe."

Matroni aliinamisha kichwa. Kwa matroni, hilo lilikuwa tukio la kuandikwa kwenye jalada.

"Bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungekataa."

"Ningekataa," matroni alikiri. Akajifuta pua kwa kiganja. "Halafu ningekuja mbio."

Akageuka, akamtupia Inspekta ufunguo wa kliniki.

"Na wewe unalia nini, afande? Chukua damu uende, daraja linafungwa!"