Mbuzi wa Jaji

Wayua wa Gatuanyaga alijulikana kwa mkono mwepesi wa kukama. Lakini wiki ile ya mwaka 1958 alikama akiwaza mengine, maziwa yakamwagika chini. Mumewe, Mbuvi, alikuwa rumande kwa miezi mingi. Alishtakiwa kuchoma ghala la mkonge. Kesi ilikuwa Jumatatu, Nairobi, mbele ya jaji mpya. Na jaji huyo ndiye aliyekuwa wakili wa serikali mwaka uliopita!

"Huyo atatumaliza," Wayua alisema peke yake. Usingizi ulimpaa.

Basi akafanya alichokijua. Kwao, wazee wakisikiliza kesi, kila upande huleta mbuzi. Akamfunga beberu kamba, akashika njia ya Ruiru, nyumbani kwa jaji.

Alipofika Thika alikutana na jirani yake Simeon, mkalimani wa korti.

"Wayua, beberu anaenda wapi?"

"Kwa jaji, Simeon. Nimpe heshima kabla ya kesi."

"Aiya! Rudi haraka! Kwa wazee pande zote huleta, na watu wote wanaona. Kwa jaji hiyo ni hongo. Utafungwa wewe pamoja na Mbuvi."

Wayua aliketi kando ya barabara.

"Sasa nifanye nini? Huyo si mtu wa serikali?"

"Akiwa wakili, kazi yake ilikuwa kuisemea serikali. Akiwa jaji, lazima asikilize pande zote. Na kama aliwahi kuishika kesi hii, hawezi kuiamua. Mwambie wakili wenu aulize. Tena tafuta shahidi."

Wayua alimrudisha beberu nyumbani, akazunguka siku mbili akitafuta shahidi. Akampata Mukonyo, muuza uji. Mbuvi alikuwa kwake wakati ghala lilipoungua.

Jumatatu, wakili wao aliuliza. Jaji alifungua faili, akasoma, kisha akasema kwa Kizungu. Wayua alishika benchi kwa nguvu. Simeon akatafsiri: "Jaji anasema karatasi ya mashtaka ina sahihi yake mwenyewe. Hawezi kushtaki, kisha aamue. Kesi inakwenda kwa jaji mwingine."

Wayua hakufurahi. Hofu ilimtafuna wiki mbili zaidi.

Jaji wa pili alimsikiliza Mukonyo mpaka mwisho. Halafu akasema maneno machache. Wayua alimkodolea Simeon macho.

"Mbuvi," Simeon alisema, "jaji anasema uko huru."

Mbuvi hakusogea. Alibaki kizimbani, ameshika mbao kwa mikono miwili, mpaka askari akamwambia, "Toka, mzee. Mlango uko wazi."